Amplifaya ya Baba Mkwe

Siku ya kwanza, Ijumaa: Mwanza

Amplifaya imekamilika saa 11 jioni. Nimeiviringisha kwenye blanketi kuukuu, nikaikaza kwa tyubu ya baiskeli, nikaandika JUU kwa makapeni ingawa najua wapagazi wa bandarini hawana muda wa kusoma. Ni mali ya baba mkwe wangu wa Shirati, mkoani Mara. Ililetwa kwa basi mwezi uliopita ikiwa hoi: inakoroma kama mtu mwenye mafua, koni ya spika imechanika urefu wa kidole, kapasita mbili zimevimba, waya wa arthi umekatwa na mtu asiyejulikana. Nimebadilisha spika, nimebadilisha kapasita, nimerudisha arthi. Ukiiwasha sasa ni kimya, utadhani imezimwa. Nilijipongeza kwa soda baridi.

Spika ya zamani sikuitupa. Nimeitia kwenye begi la vifaa. Fundi akitupa kitu leo, kesho ndicho kinachotafutwa.

Kwa asiyenijua: nina kibanda cha kutengeneza spika na amplifaya Makoroboi, na ni mpenda roki. Mwanza wanaiita Rock City kwa sababu ya mawe, na mawe kweli yapo, yamepandana mlimani mpaka juu ya mapaa ya watu. Ila sisi wapenzi wa muziki wenyewe, jiji zima, tunaenea kwenye bajaji moja na nafasi ya begi inabaki. Mimi niliingia kwa bahati tu. Mwaka 1999 mteja aliniletea redio kaseti inayotafuna kanda. Ndani yake mlikuwa na kanda ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza: albamu yao ya laivu, Made in Japan. Mwenyewe hakurudi. Redio niliiuza baada ya miaka miwili kufidia gharama. Kanda ninayo, na kama anasoma hapa, aje tuongee, ingawa sitamrudishia.

Nasafiri na shemeji, mdogo wake mke wangu. Yeye ni wa bongo fleva na singeli, roki anaiita kelele za gereji. Tumekubaliana kuwa nyimbo za njiani nachagua mimi kwa sababu nauli ya mzigo nalipa mimi. Nami nimejiwekea sharti: albamu za laivu tu, zilizorekodiwa mbele za watu. Studio mtu anarudia hata mara arobaini. Jukwaani ukikosea umekosea, na watu wamelipa.

Siku ya pili, Jumamosi: Mwanza hadi Nansio

Bandari ya Mwanza Kaskazini. Mpagazi kaibeba amplifaya begani, JUU ikitazama chini.

Tulipata kibanda cha kivuli sitaha ya juu, katikati ya magunia ya vitunguu, magodoro na pikipiki moja mpya iliyofungwa maboksi. Baada ya kama saa nzima majini, upande wa magharibi ukainuka moshi juu ya ziwa. Nguzo tatu nyeusi, zimesimama wima kama moshi wa tanuri la matofali. Abiria mmoja, kwa lafudhi yake mgeni wa ziwa, akauliza ni meli gani inaungua. Mama mmoja aliyekalia gunia la vitunguu akamjibu bila kugeuza shingo: "Wadudu hao, baba. Ukiwaona wanakuja, funga mdomo."

Moshi juu ya maji! Shemeji aliniangalia usoni, akajua. "Haya," akasema, "anza."

Nikaanza. Desemba 1971 Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, mji wa kando ya Ziwa Geneva, kurekodi albamu ndani ya kasino. Studio yenyewe ilikuwa ya kwenye gari, walikodi kwa Rolling Stones. Tarehe 4 Frank Zappa akawa na onyesho humo humo, mtu mmoja katikati ya watazamaji akafyatua fataki kuelekea darini, na jengo zima likateketea. Moshi ukatanda ziwani. Roger Glover, mpiga besi, akaamka siku chache baadaye na maneno ya moshi juu ya maji mdomoni, ndiyo wimbo wa Smoke on the Water. Hawana tena kasino, wakahamia hoteli kubwa iliyofungwa kwa msimu wa baridi, wakajaza magodoro kwenye korido ili sauti isirukeruke. Albamu ikatoka Machi 1972, Machine Head. Ule mwanzo wa gitaa kila kijana anayekuja kibandani kujaribu gitaa anaupiga, na karibu wote wanaupiga vibaya, kwa kipande cha plastiki. Ritchie Blackmore anazinyofoa nyuzi mbili kwa vidole kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwake zinatoka zimeshikana.

"Kwa hiyo nyumba ya watu iliungua, wao wakapata wimbo," alisema shemeji.

"Na pesa."

Lakini mimi wimbo huo siupendi sana kwenye Machine Head. Naupenda kwenye Made in Japan, Agosti ya mwaka uleule, Osaka na Tokyo, siku tatu mfululizo, tarehe 15 hadi 17. Kampuni ya Japani ndiyo iliyotaka rekodi ya laivu; bendi yenyewe haikuwa na hamu, walidhani ni kumbukumbu ya Wajapani tu. Sikiliza kinanda cha Jon Lord: ni Hammond, kinanda cha namna ya makanisani, lakini amekipitisha kwenye amplifaya za gitaa mpaka kinanguruma. Kuna mahali kati ya nyimbo mwimbaji, Ian Gillan, anamwomba fundi mitambo kila kitu kiwe na sauti kubwa kuliko kila kitu kingine. Nimefanya kazi ya mitambo harusini miaka ishirini na ushee, na hilo ndilo ombi ninalopewa kila Jumamosi na kamati ya maandalizi, isipokuwa wao hawatanii.

Nisiwe mwongo, ina kasoro. Wimbo wa Space Truckin' kwenye Machine Head ni dakika nne na nusu. Japani imekuwa kama dakika ishirini, inajaza upande mzima wa santuri, na mle katikati kuna kipande ambacho hata mimi huenda kuchemsha chai.

Nansio tulifika mchana. Kazi ya kwanza ilikuwa kwaya moja ya pale mjini, walionunua mikisa mpya na maiki nne, na kila wakiwasha mitambo inapiga mluzi wa kutoboa masikio. Nilipofika nikaona mara moja: spika wameziweka nyuma ya waimbaji. Maiki inasikia spika, spika inarudisha kwa maiki, vinazungukana mpaka vinapiga yowe. Nikataka kuzihamisha mbele. Mwalimu wa kwaya akakataa kwa heshima zote: "Fundi, zikiwa mbele sisi hatujisikii. Sauti ya tatu inapotea."

Na ana haki. Hilo ndilo lililowashinda Beatles. Agosti 1965 walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, na jukwaani hapakuwa na spika hata moja ya kuwarudishia sauti yao. Wasichana wanapiga mayowe, wao wanapiga gitaa kwa kukisia, Ringo anafuata mitikisiko ya migongo ya wenzake. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, wakaacha maonyesho ya kulipia kabisa. Bendi kubwa kuliko zote ilishindwa na tatizo la kwaya ya Nansio. Mimi nikachukua spika yao ndogo ya zamani, nikailaza sakafuni, uso juu kwa waimbaji, upande ambao maiki imeupa kisogo. Mluzi ukakata. Walinilipa nusu na samaki watatu.

Siku ya tatu, Jumapili: Nansio

Ibada. Kwaya imeimba vizuri, spika imetulia. Mwalimu aliomba nirekodi kutoka kwenye mikisa, nikarekodi, na hapo ndipo tulipokorofishana kidogo.

Katika wimbo wa tatu, bibi mmoja wa mstari wa mbele alipiga kigelegele kirefu karibu na maiki ya sauti ya kwanza. Kirefu hasa, kinapanda, kinatua, kinapanda tena, mpaka mpiga kinanda akacheka na kukosa noti. Mwalimu akataka nikiondoe. Nikamwambia kinaweza kuondolewa kwa kurekodi upya sehemu ile, lakini nikamwomba asifanye.

Kwa sababu najua ugonjwa huu unakoishia. Alive! ya Kiss, 1975, ndiyo iliyowatoa kimasomaso, na mtayarishaji wake Eddie Kramer alikuja kukiri kuwa sehemu nyingi zilirekebishwa studio. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978, mpaka leo watu wanagombana: Tony Visconti aliyeitayarisha alisema robo tatu ilirudiwa studio, wengine waliokuwemo wanakana. Mimi naipenda albamu ile, sifichi. Ila tangu nijue, nikifika mahali gitaa mbili zinapokwenda bega kwa bega bila hata kukwaruzana, najiuliza kama nasikiliza ukumbi au nasikiliza wembe na gundi. Ni kama kuambiwa sangara uliyesifia alikuwa wa friji.

Mwalimu alisikiliza yote haya kwa subira ya mtu wa kanisa. Kisha akasema, "Fundi, wewe si ndiye uliyeondoa mluzi jana?"

Nilikosa jibu zuri. Nikamwambia mluzi hakuna aliyeuimba. Kigelegele kimebaki, nadhani zaidi kwa kuwa bibi ni shangazi yake.

Siku ya nne, Jumatatu: Ukara

Hii ilikuwa hamu ya shemeji: jiwe linalocheza. Amplifaya tuliiacha kwa mwenyeji, tukapanda pikipiki mbili hadi Bugolora, kisha kivuko hadi Bwisya.

Kwenye kivuko nilivua hedifoni. Hapa karibu na gati, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, wengine wakionekana kabisa kutoka nchi kavu. Abiria waliokuwa wakipiga soga tangu Bugolora nao walishusha sauti tulipokaribia. Hakuna aliyewaambia.

Jiwe lenyewe ni mwamba uliokaa juu ya miamba mingine majini, karibu na ufuko. Haliendi mpaka liimbiwe, ndivyo walivyotuambia. Wakaliimbia. Likacheza: kichwa kidogo huku, kichwa kidogo kule. Shemeji alirekodi video huku akisema "wewe, wewe, wewe" kama anayemwita mtoto aliyepanda mti. Mimi, kwa ubishi wa ufundi, nilianza kutafuta linapopata egemeo, nikaacha katikati. Nilikuwa nimesafiri siku tatu na muziki wa roki masikioni na hatimaye nimeliona jiwe linalosikiliza. Ningeharibu nini?

Kurudi, jua limeshaanza kulala, nikaweka Nirvana, ile ya New York waliyopiga na magitaa ya mbao, Novemba 18, 1993. Jukwaa lilipambwa kwa maua ya yungiyungi na mishumaa myeusi, mwimbaji wao, Kurt Cobain, mwenyewe ndiye aliyeagiza. Aliacha nyimbo nyingi zilizomtajirisha akaimba za watu, mpaka ya mwisho kabisa aliyojifunza kwa Lead Belly, mwimbaji wa blues wa zamani. Inasemwa ilikuwa shoo ya bila amplifaya. Fundi hadanganyiki, gitaa lake lilipitishwa kwenye amplifaya, unalisikia. Miezi mitano baadaye alikuwa amefariki, na albamu ikatoka mwaka 1994 yeye hayupo. Ile mikono inayompigia makofi haijui. Kivuko kikaingia Bugolora, nikazima kabla ya wimbo wa mwisho. Si wimbo wa kusikiliza ukiwa na pikipiki inayokusubiri.

Siku ya tano, Jumanne: Nansio, Kisorya, Bunda, Musoma

Kivuko cha Rugezi–Kisorya, kisha basi. Vumbi, mbuzi wawili chini ya kiti, amplifaya mapajani kwangu kwa sababu kondakta alitaka kuiweka juu ya keria na mimi nikataka kulia.

Shemeji leo kanishinda, nalazimika kuandika.

Nilikuwa nawasema wasanii wake: wanapanda jukwaani, CD inaimba, wao wanaruka na kushika maiki kama ndizi. Nikamwambia huo si muziki wa laivu, hayo ni mazoezi ya viungo. Akanyamaza mpaka tunaikaribia Bunda. Kisha akauliza kwa upole ambao ningepaswa kuushtukia: "Shem, yule Mzanzibari wako?"

Mzanzibari wangu ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Alizaliwa Farrokh Bulsara, Zanzibar, Septemba 5, 1946, na familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Nimemhubiri kwa shemeji miaka yote hii, hasa tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, Julai 13, 1985, dakika ishirini na kitu mchana kweupe, uwanja mzima unapiga makofi kwa mkono mmoja wa mtu. Bila moshi, bila taa za maana, jua tu. Mimi nasema hakuna aliyewahi kuupiga uwanja kama chombo namna ile.

"Ndiyo," nikasema.

"Si uliniambia kwenye ile albamu yao ya laivu, wakifika kati ya Bohemian Rhapsody, wanatoka jukwaani kanda inaimba?"

Ni kweli. Live Killers, 1979. Kile kipande cha kwaya walikirekodi studio kwa kurundika sauti juu ya sauti, watu wanne hawawezi kukiimba jukwaani, kwa hiyo walikuwa wanaondoka na kuacha kanda, kisha wanarudi na gitaa. Nilimweleza kwamba angalau wao hawakujifanya wanaimba, walitoka kabisa, jukwaa likabaki tupu. Ni tofauti kubwa. Mbuzi mmoja chini ya kiti akalia, shemeji akasema hata huyo hajakubali.

Musoma jioni, chumba cha kulala wageni karibu na Mwigobero. Kabla ya kulala nikaweka Live at Leeds ya bendi ya The Who, Februari 14, 1970, bwalo la chakula la chuo kikuu. Bwalo! Gamba la santuri ni la kahawia tupu lenye mhuri, kama mali ya magendo. Na kwenye lebo wameandika kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, mtu asiirekebishe. Kwa hiyo fundi aliyeletewa santuri ile mwaka 1970 alikuwa ameshakatazwa kazi mapema. Kesho yake walirekodi tena mjini Hull, kwa baadhi ya nyimbo besi haikushika kwenye kanda, na ndiyo maana dunia ikapata Leeds. Miaka ya 1990 walipoitoa upya mikwaruzo ilisafishwa. Nimeisikia iliyosafishwa. Ni nzuri, inang'aa, na sijawahi kuisikiliza mara mbili kwa siku.

Siku ya sita, Jumatano: Shirati

Daraja la Kirumi, Mto Mara chini yake umetulia, kisha kona ya kuingia Utegi, na hatimaye Shirati. Kwa mpenda gitaa hapa ni mahali pa kuvua kofia. D.O. Misiani alizaliwa vijiji vya huku mwaka 1940, akavuka kwenda Kenya, akaipa bendi yake jina la kwao: Shirati Jazz. Benga ikasambaa ziwa zima. Alifariki 2006, ajali ya barabarani, Kisumu. Shemeji ambaye hapendi gitaa amekulia maili chache kutoka alipozaliwa Misiani, na mimi wa Makoroboi ndiye ninayemweleza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Umekonda. Iko wapi?"

Mama mkwe alinisalimia kutoka mlango wa jikoni, kwa mbali, kama heshima inavyotaka. Chai haijamiminwa, baba mkwe ameshafungua blanketi. Enzi zake alipiga ridhimu, bendi za harusi na za matanga. Sasa anapiga solo kwa kuwa mpiga solo amefariki.

Nikawasha. Kimya safi. Nilimtazama nikisubiri sifa. Akachomeka jeki, akapiga mapigo manne, akaacha. Akainama, akatega sikio. Akapiga tena, nyuzi za chini kwa dole gumba, akaacha. Kisha akaligonga boksi kwa kidole kilichokunjwa, kama anayebisha hodi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nani, baba?"

"Aliyekuwa humu." Akaniangalia kwa huruma. "Mkwe, nimekupa amplifaya, umenirudishia redio."

Kumbe ile koni ilichanwa na pembe la mbuzi harusini mwaka 1987, na kwa miaka yote ile baba mkwe alikuwa akiupigia ule mchaniko. Anapopiga nyuzi za juu kwa vidole, gitaa linaongea. Anapodondosha dole gumba chini, koni iliyochanika inatetema, inatoa mzizimo mkavu wenye chuma ndani yake. Akanionyesha kwa nyatiti ya jirani, iliyokuwa imeegemezwa ukutani: nyuzi nane mikononi, na mguuni mpigaji anavaa pete ya chuma anayogonga nayo ubao wa nyatiti. Mtu mmoja ni bendi nzima. Mchaniko ulikuwa pete yake ya mguuni.

Na kinachoniuma ni kwamba mimi nilijua. Si habari za mbuzi, lakini najua habari ya Link Wray aliyetoboa matundu spika zake kwa ajili ya Rumble, 1958. Najua habari ya Dave Davies wa The Kinks aliyeichana koni ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, na mlio uleule ukaibeba You Really Got Me mwaka 1964. Nimewasimulia wateja hadithi hizo nikiwa nimeshika pasi ya risasi mkononi. Halafu ikaletwa mezani kwangu amplifaya yenye mchaniko wa miaka zaidi ya thelathini, sikuuliza hata swali moja, nikakata, nikatupa kando, nikanywa soda.

Usiku, kwa taa ya simu aliyoishika shemeji, nikaifungua. Spika ya zamani ikatoka kwenye begi, ikarudi mahali pake. Kapasita mpya niliziacha. Arthi sikuigusa; baba mkwe alitaka ile sauti ya kukoroma nayo irudi, akisema zamani ikikoroma watu walijua tunaanza, lakini hapo nilikaza. Mchaniko ni wake. Kupigwa shoti mvua ikinyesha ni jambo la wajukuu wangu. Tukapatana: mkoromo hapana, mchaniko ndiyo. Nyuma ya boksi nikaandika kwa makapeni: MKWARUZO NI WAKE, USIREKEBISHE.

"Umeiandikia nani?" aliuliza shemeji.

"Mimi."

Siku ya saba, Alhamisi: Shirati

Jioni uani. Watu kama thelathini, viti vya plastiki, kuku. Baba mkwe alipiga, mzee mwingine akapiga besi iliyobaki nyuzi tatu, shemeji akapewa chupa ya soda na kijiko akashika mapigo kwa nusu saa bila kupoteza hata moja. Kule mwisho wa wimbo, pale benga inapoacha kuimba na gitaa na besi zinaanza kufukuzana, dole gumba likawa linashuka na koni inatetema, na mama mmoja akainuka kutoka kitini kabla hajaamua kuinuka. Nimeona hivyo kwa macho yangu: mwili ulitangulia.

Shemeji aliweka simu juu ya pipa ikarekodi. Amenitumia yote, dakika 26, hajakata kitu, na mtoto analia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Siku ya nane, Ijumaa: Shirati hadi Mwanza

Safari ndefu, nimelala tangu Bunda hadi Magu. Niliamka Kisesa, watu wanashuka. Hapo ndipo njia ya Bujora, na kila nikipita hukumbuka Bulabo, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, tulipokuwa watoto, mwezi wa Juni. Kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna kusubiri zamu. Kila upande na ngoma zake, na madoido yake, wengine chatu shingoni, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Unasimama katikati, masikio mawili yanagombania miguu miwili. Nakumbuka kundi moja likikimbiwa: watu wanaondoka kidogo kidogo bila ubaya, na wachezaji wanaona, na wanazidisha nguvu, na ndivyo inavyozidi kuwa mbaya.

Huwa nawaza bendi zangu nikizipanga Bujora. Deep Purple wangeponea katika Child in Time, wangepoteza uwanja kwenye zile dakika za chai. The Who wasingepoteza mtu. Jimi Hendrix sijui. Kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, Agosti 18, 1969, lilipaswa kuwa limekwisha Jumapili, na sehemu kubwa ya ule umati ilikuwa imeshaondoka. Kwa sheria ya Bulabo alishindwa. Lakini alipiga kama uwanja umejaa, na waliobaki kwenye matope wakapata kitu ambacho waliowahi mabasi hawakukipata.

"Shem," alisema shemeji tulipoingia Buzuruga, hedifoni zangu masikioni mwake. "Hii ya Japani. Huyu anayepiga ngoma anaitwa nani?"

"Ian Paice."

Hakusema zaidi. Hakurudisha hedifoni pia.

Jumamosi asubuhi nimefungua kibanda. Ile spika mpya iliyokataliwa nimeitundika ukutani, inauzwa. Mteja wa kwanza ni kijana wa saluni, amekumbatia spika yake kama mtoto mgonjwa, anasema inakwaruza, nimbadilishie koni haraka ana wateja. Nilishanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Nikaurudisha, nikamvutia stuli.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Inakwaruza muda wote, au kuna wimbo?"